Bendera na minervali mu mustari moja

Sisi wenye diploma tukikaa kuzungumza juu ya masomo ya nchi yetu, dakika kumi haziishi bila mutu kutaja Ufini, ile Finlande. Kule watoto hawabebeshwi kazi nyingi za nyumbani. Kule mwalimu anaheshimiwa. Kule chakula cha muchana ku masomo ni bure, na sheria yake inatumika tangu 1948. Yote hiyo ni kweli. Lakini siku hizi sifa mupya imeongezeka: "Kule ata rasamblema habafanyake! Batoto banaingia tu mu kalasi. Shiye tungali tunasimamisha batoto ku jua sawa basoda." Na musemaji anamaliza: tuache rasamblema, na sisi tutaendelea kama wao.

Nataka kupima maneno hayo, juu ya nusu yake ni kweli, na nusu inayobaki njo yenye faida kwetu.

Ufini wana ufunguzi wa siku. Kwa lugha yao unaitwa päivänavaus, na amri ya serikali juu ya elimu ya musingi inasema kila siku ya kazi ianze nao, ukiwa mufupi. Mahali pengi unapitia kwa baflu: sauti inaingia mu kila kalasi, watoto wamekaa, na kwa dakika chache wanasikiliza muziki, hadithi fupi, wazo la siku, ao tangazo. Leo anasema mwalimu, kesho wanafunzi wenyewe, siku nyingine mutu wa kanisa. Zamani ilikuwa saa ya sala. Lakini tangu sheria ya uhuru wa dini ya 2003, mutoto halazimishwi kubaki kama ufunguzi ni wa dini na si ya kwao. Bendera yao inapandishwa kwa siku zilizopangwa, na wimbo wa taifa hauimbwi kila asubuhi.

Kwa hiyo Wafini hawakutupa asubuhi. Walijiuliza asubuhi ni ya kufanya nini, na kila mara jibu likibadilika walibadilisha namna ya kuifanya. Sisi hapa Lubumbashi swali hilo hatujaliuliza. Tumerithi rasamblema, tunaiendesha, na tunaipa kazi ambazo hakuna mutu alikaa akaziamua.

Namna tunavyofanya

Tuiangalie kama vile tungeangalia teatri, juu ni teatri: ina jukwaa, ina amri, ina wimbo, ina watazamaji. Saa moja na nusu haijafika, kengele inalia. Ku masomo mingi si kengele, ni kipande cha reli ao janti ya gari yenye kutundikwa ku muti. Watoto wa bulu na nyeupe wanapanga mistari, kalasi kwa kalasi, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Mukono unanyooshwa ku bega la mwenzako ili kupima nafasi. Kisha amri: gardavu, repo, gardavu. Ni maneno ya jeshi, na mutoto wa miaka sita anayajua mbele ya kujua kuandika jina lake.

Bendera inapanda. Wimbo unaimbwa. Mu masomo ya Kikatolika, ya Kiprotestanti, ya Kikimbanguisti ao ya Kiislamu, sala inafuata ao inatangulia. Halafu prefe ao direkteri anachukua neno. Na hapo njo rasamblema yenyewe inaanza, ile watoto wanaiogopa: nani amechelewa, nani nywele zake ni ndefu, nani soksi zake si nyeupe, nani alizungumza Kiswahili mu kalasi. Mwisho wa yote, mara mingi, karatasi inatolewa. Ni liste ya minervali.

Mutu akitoka inje ya nchi akaangalia mambo haya siku tano bila kujua Kifaransa wala Kiswahili, angesema masomo haya yanafundisha nini? Angesema yanafundisha kusimama vizuri, kunyamaza, na kuogopa jina lako kuitwa. Hangejua kama kuna kitu kinaitwa uraia kilitajwa pale.

Wimbo tunaoimba bila kusikia

Tuanze na wimbo, maana njo kitu kizuri kuliko vyote mule. Debout Congolais ulitungwa kwa ajili ya uhuru wa 1960. Joseph Lutumba na padri Mjezuiti Simon-Pierre Boka njo waliutunga. Tukiuchukua kama kazi ya sanaa, una nguvu. Unaanza na amri ya kuinuka, lakini si amri ya soda kwa soda: ni ndugu anaamsha ndugu. Unataja kazi, unataja amani, unaapa kwamba nchi tutaiachia watoto wetu kama urithi. Wimbo huo unamuweka mutoto mwenye kuuimba mahali pa mwenye mali: nchi hii ni yako, na kesho utaiachia wengine.

Sasa muulize mutoto wa kalasi ya tatu, mu Katuba ao mu Ruashi, maana ya maneno anayoimba kila asubuhi. Atakupa sauti. Maneno yenyewe yameshikana, mawili yamekuwa moja, moja limekatwa katikati, na pale asipojua anafungua tu kinywa. Si kosa lake. Kifaransa cha wimbo ule ni cha kitabu, na kuna kitenzi mule ndani chenye kusumbua ata mwanafunzi wa egzeta. Mutoto anaapa kila siku kiapo asichokijua, na hakuna saa mu juma nzima imepangwa ya kumuelezea.

Wengine watasema: ni wimbo wa taifa, lazima ubaki mu lugha ya serikali. Sawa, hakuna mutu anaomba kubadilisha wimbo. Lakini kipengele cha 1 cha Katiba ya 18 Februari 2006, kile kile kinachotaja bendera na wimbo, kinataja pia lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Na sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia. Kwa hiyo mwalimu anayesimama mbele ya watoto na kuwaeleza kwa Kiswahili kile walichoimba havunji sheria yoyote. Anatimiza Katiba. Wa ajabu ni yule anayepiga mutoto fimbo juu ya Kiswahili dakika tano baada ya kumuimbisha wimbo wa nchi ambayo Kiswahili ni lugha yake ya taifa.

Angalia majirani. Watanzania wanaimba Mungu ibariki Afrika kwa Kiswahili, na muziki wake unatoka kwa Enoch Sontonga wa Afrika ya Kusini, tangu 1897. Wakenya wana wimbo wa Kiswahili tangu 1963, na sauti yake ilichukuliwa ku wimbo wa kubembeleza mutoto wa Wapokomo, watu wa muto Tana. Sisemi paredi yao ni paradizo. Kule nako kuna fimbo, kuna kusimama juani. Lakini mutoto wa kule akiimba, anasikia anachoomba. Wa kwetu anasikia tu kelele ya wenzake.

Muti moja, bendera mingi

Juu ya nini hatushtuki? Nafikiri ni juu ya historia ya muji huu. Lubumbashi imefundishwa kwamba kilicho ku muti kinaweza kubadilika, lakini gardavu haibadilike.

Hesabu kidogo. Muzee mwenye kuzaliwa hapa mwaka wa 1950, wakati muji ungali Élisabethville, alianza masomo chini ya bendera ya koloni, ile ya bulu yenye nyota moja ya manjano. Julai 1960 Moïse Tshombe akatangaza Katanga inajitenga, na bendera ikawa nyekundu, nyeupe na kijani, na misalaba mitatu ya shaba. Januari 1963 Katanga ikarudi, na bendera ya Kongo ikarudi nayo. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaïre, bendera ikawa ya kijani na mukono wenye kushika mwenge. Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila akashika serikali, ikarudi bulu na nyota. Na tangu 2006 tuna hii ya leo, yenye mustari mwekundu wa kukata upande. Muzee huyo mumoja, bendera mingi, na hakuhama muji.

Na wimbo vile vile. Mobutu alipoondoa Debout Congolais na kuweka La Zaïroise, watunzi walikuwa wale wale wawili, Boka na Lutumba. Nchi ilibadilisha jina, maneno yakabadilika, mikono ya waandishi ikabaki ile ile. Na mistari ya watoto nayo ikabaki ile ile.

Wakati wa Mobutu njo rasamblema ilijazwa kabisa. Wazazi wetu wanakumbuka: kuimba sifa za chama, kucheza animasyo mbele ya wakubwa. Mwisho wa 1974 serikali ikachukua masomo yote ya makanisa, na kozi ya dini ikaachia nafasi mafundisho ya MPR. Ilipoonekana serikali haiwezi kuendesha masomo peke yake, ikasaini mapatano na makanisa tarehe 26 Februari 1977, na sala ikarudi kwa mulango ule ule. Chombo kilikuwa kile kile. Leo unatia chama, kesho unatia sala, kesho kutwa unatia deni.

Hapa njo nakosana na wale wa "tuache rasamblema". Chombo hakina kosa. Kosa ni kwamba kila aliyekuwa na nguvu alitia mule kitu chake, na mutoto hakuulizwa.

Liste

Sasa tuseme juu ya liste, maana ni pale damu inatoka.

Kila mumoja wetu ameiona. Bendera imekwisha kupanda, wimbo umekwisha, mistari ingali imenyooka. Mutu wa disipilini anafungua karatasi na kusoma majina. Wenye majina wanatoka ku mustari, wanachukua mufuko, wanapita mbele ya wenzao wote, wanaelekea ku mulango. Wengine wanacheka. Mwenye kutoka anajifanya kama anacheka naye. Nilipokuwa mu sekonderi nilimuona rafiki aliyekuwa wa kwanza wa kalasi akijificha kila Jumatatu mu choo mpaka rasamblema iishe. Alipokamatwa aliazibiwa mara mbili: juu ya minervali, na juu ya kukosa kusalimia bendera. Yeye mutoto wa kidato cha tatu alionekana kama adui wa taifa, kumbe alikuwa anakimbia kusikia deni la baba yake likitangazwa.

Tuangalie vizuri kile kinachofanyika pale. Dakika mbili kabla, mutoto huyo ameapa kwamba nchi ni urithi wake. Dakika mbili baadaye, mbele ya muti ule ule wa bendera, anaambiwa hana haki ya kukaa ndani. Maneno ya kwanza hakuyasikia, yalikuwa Kifaransa kigumu. Ya pili ameyasikia yote, juu yalikuwa jina lake. Kama tukitafuta somo la uraia ambalo rasamblema yetu inafundisha kwa nguvu zaidi, ni hilo: wewe ni Mukongomani kadiri ya risiti yako.

Katiba, kipengele cha 43, inasema masomo ya primeri mu masomo ya serikali ni lazima na ni bure. Tangu Septemba 2019 serikali imeanza kuitimiza, na lazima tuseme kweli: mu primeri ya serikali liste imepungua, na kalasi zimejaa mpaka watoto wanakaa chini. Lakini sekonderi inalipwa. Masomo ya watu binafsi, yale yamejaa mu Kampemba, mu Annexe na kila avenue ya muji, yanalipwa tangu gardiyeni mpaka egzeta. Kwa watoto wale, liste ingali hai.

Najua jibu la wenye masomo, na si jibu la wajinga. Wanasema: mwalimu anakula minervali hiyo. Muzazi tukimuandikia barua haijibu, tukimuita haji. Mutoto akirudishwa, kesho yake feza inapatikana. Ni kweli inapatikana. Inapatikana juu mama ameuza kitu, ao amekopa kwa jirani, ao mutoto amelia usiku kucha. Njia hiyo inaleta feza juu ya kuumiza mahali palipo laini, si juu ni ya haki. Deni ni la muzazi na masomo. Mutoto hakusaini kitu. Na sheria ya 2009 juu ya kulinda mutoto inataka disipilini ya masomo iheshimu utu wake. Sioni utu unaheshimiwa namna gani mbele ya watoto mia tano wenye kuangalia.

Kuna mutu atauliza: basi masomo yafungwe? Hapana. Nasema kitu kidogo kuliko hicho. Daini deni ku biro. Ita muzazi. Panga malipo kidogo kidogo. Tuma ujumbe ku simu yake, simu wote tunazo. Na kama imefika kweli kumurudisha mutoto nyumbani, aitwe pembeni, na barua ndani ya bahasha. Usitumie bendera kama mukusanyaji wa feza.

Kipenga ya barabarani

Haya yote hayabakie ku masomo. Mutu yeyote wa Lubumbashi anajua asubuhi mbele ya jengo la serikali ao kambi: kipenga inalia, bendera inapanda, gari zinasimama, mama wa makala anatua muzigo, mwanafunzi anaganda na mukate mukononi. Kwa macho ya mugeni ni kitu kizuri sana, muji muzima umeheshimu nchi yake. Lakini sikiliza watu wanasema nini chini kwa chini: "Simama, batakukamata." Hawasemi tusimame, ni bendera yetu. Anayekosea hatua moja anaitwa pembeni, na wote tunajua mazungumzo ya pembeni yanaishaka namna gani.

Ni rasamblema ile ile, watu wamekuwa wakubwa. Tulijifunza tukiwa wadogo kwamba bendera ikipanda kuna mutu anaangalia nani atakosea, na baada yake kuna kulipa. Tumekua tunaogopa bendera, tukafikiri njo kuiheshimu. Amerika, mwaka wa 1943, katikati ya vita kubwa, Korti Kuu yao iliamua mutoto wa shule hawezi kulazimishwa kusalimia bendera. Watoto wenyewe walikuwa wa Mashahidi wa Yehova. Nchi haikuanguka. Kwetu Mashahidi walipigwa marufuku 1986, na mpaka leo mutoto wao akisimama kimya ku mustari, kuna walimu wanaona amewatukana.

Kile ambacho mustari haukufundisha

Mbele ya kumaliza, niseme sifa ya rasamblema, juu iko nayo na ni kubwa. Ni pahali pamoja tu ambapo watoto wote wa masomo wanaonana. Wa Baluba wa Kasai na wa Baluba wa Katanga, Balunda, Babemba, Basanga, mutoto wa muchimbaji na mutoto wa dokta, wote na bulu na nyeupe, bega kwa bega. Mu muji kama wetu hilo si jambo dogo.

Lakini lazima tukumbuke pia mwaka wa 1992 na wa 1993. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu mingi. Mu Likasi na Kolwezi, jamaa nzima zililala ku gare siku nyingi kungojea treni, na wengi walikufa pale na njiani. Wenye kufukuza na wenye kufukuzwa walikuwa wamesimama mistari moja. Waliimba wimbo moja wa umoja miaka yote ya masomo yao, walinyoosha mikono ku mabega ya wenzao kila asubuhi. Siku siasa ilipowaambia "huyu si wa hapa", mustari ule haukuwazuia.

Sisemi rasamblema ilileta mambo yale, na sisemi ingeyazuia peke yake. Nasema mustari usio na maneno haufundishi umoja, unafundisha mustari. Watoto walisimama pamoja miaka na miaka bila kuambiwa siku moja juu ya nini wako pamoja, mwenzao ametoka wapi, babu yake alikuja na reli mwaka gani kufanya kazi ya shaba. Na maneno ya namna ile ya 1992 hayajakufa mu muji huu. Tunayasikia kila wakati wa uchaguzi. Njo maana siwezi kukubali kwamba dakika ishirini za kila asubuhi ziishie ku soksi na liste.

Basi tufanye nini

Septemba masomo yataanza tena, na wengi kati yenu wenye kusoma haya mutakuwa walimu, mara mingi mu masomo ya watu binafsi, juu njo kazi inayopatikana mbele kwa mwenye diploma mupya. Hamutakuwa na uwezo wa kubadilisha amri ya minisiteri. Lakini wote tunajua nani anapewaka kusimamia rasamblema: mwalimu kijana, juu wazee wamechoka kusimama juani. Mamlaka hayo madogo yatakuwa mikononi mwenu. Naleta mambo manne, na hakuna hata moja lenye kuomba feza.

La kwanza: liste isisomwe mbele ya bendera. Kama prefe anakuletea karatasi, muombe aifanyie kazi ku biro, na umuonyeshe njia ya kuwafikia wazazi. Akikataa, omba angalau isomwe mu kalasi zote zikiisha kuingia, na mutoto aitwe peke yake.

La pili: wimbo ufundishwe. Jumatatu ya kwanza chukua mustari moja wa wimbo, uueleze kwa Kiswahili cha hapa, cha kila siku. Juma linalofuata mustari mwingine. Mpaka Noeli watoto watakuwa wanajua wanachoapa. Mutaona sauti itabadilika, juu mutu anaimba tofauti akijua anasema nini.

La tatu, na hapa njo nachukua kwa Wafini: wape watoto dakika tano. Kila juma kalasi moja ilete kitu chake, kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili. Kalasi ya tano ieleze namna cité Albert ilikuja kuitwa Kamalondo. Kalasi nyingine ielezee maji ya muto Lubumbashi na rangi yake. Nyingine ilete hadithi ya mababu waliokuja kutoka Kasai, kutoka Rwanda, kutoka Zambia, kutoka Malawi, kufanya kazi ya Union Minière. Wadogo waseme shairi la kwao. Prefe asikilize, kwa mara moja, akiwa amesimama mu mustari pamoja na wengine.

La nne: wenye kuchelewa wasipigishwe magoti. Muulize kwanza anatoka wapi. Mutoto wa Ruashi aliyekosa gari si mwasi. Na yule ambaye imani yake inamukataza kuimba, aachwe asimame kimya kwa heshima. Kimya cha heshima ni bora kuliko wimbo wa woga.

Kama mutafanya hilo la kwanza peke yake, bila mengine matatu, kutakuwa mutoto mumoja mu masomo yenu ambaye Jumatatu hatajificha mu choo. Atakuwa ku mustari, bendera ikipanda, na hakuna mutu atamuita jina.